Siku Uliyoniambia Ninyamaze

Zahanati, Nyanungu
Alasiri, kesho unasafiri

Ghati mwanangu,

Salamu hizi zinatoka umbali wa hatua sitini tu. Naandika kwenye meza ya zahanati, na nikiinua kichwa nakuona kupitia dirishani ukimwogesha Marwa, mtoto wa kaka yako, naye anapiga kelele utadhani anachunwa ngozi. Nimefunga mlango wa zahanati kabla ya saa kumi. Katika miaka yote ya udresa wangu, ya kufunga vidonda na kugawa dawa, sijawahi kufanya hivyo, isipokuwa siku ile nyuki walipohamia kwenye kabati la dawa. Sasa hivi amekuja mzee mmoja na kidonda chake, nimemwambia kupitia ufa wa mlango arudi kesho kutwa.

"Kwani dresa unaumwa?"

"Naumwa, mzee."

"Basi meza dawa, si unazo humo ndani?"

Akaenda zake akicheka. Sikumdanganya sana.

Barua hii nitaificha sandukuni chini ya magauni yako, uikute ukiwa kwenye meli kati ya Musoma na Mwanza, au ndani ya treni, mahali ambapo huwezi kugeuka na kuniuliza kitu. Nimepanga hivyo makusudi. Mimi ni hodari wa kusema na watu nisiowatazama usoni. Hilo wewe unalijua kuliko mtu yeyote, na ndilo nililokaa hapa kuliandika.

Ya sabuni, ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua, ya kusali kabla ya kulala, ya kukalia sanduku lako kila gari linaposimama, mama yako ameshayamaliza. Namsikia tangu juzi. Jana aliyarudia toka mwanzo kwa kuogopa kwamba ya kwanza yamepoa. Mimi sina la kuongeza hapo, ila kibuyu kile cha maziwa ya mgando anachotaka ubebe kitapasuka kabla hujafika Musoma, nawe utanuka zizi hadi Dar es Salaam. Mwache akufungie, usimvunje moyo. Ukifika Tarime mpe dereva wa lori.

Nataka kukuambia habari ya siku ile ya Bhoke. Utasema, "Tata, mimi nilikuwepo." Ndiyo, ulikuwepo. Ila wewe ulikuwa ndani na mimi nilikuwa nje, na hatujawahi kukaa pamoja tukaulizana yaliyotokea kila upande wa ukuta.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umerudi likizo kutoka shule ya misheni. Ilikuwa wakati wa kuvuna ulezi, na wanawake wote wa upande wetu walikuwa bondeni, mama yako akiwa mbele yao. Mkunga tuliyemtegemea alikuwa amekwenda msibani upande wa Serengeti. Kaka yako Chacha alikuwa machimboni kule Matongo, akitafuta dhahabu ambayo mpaka leo haijamwona. Bhoke, mke wake, mimba yake ya kwanza, alikuwa peke yake na wewe mlangoni pake mkichambua mboga. Jua likiwa utosini ulikuja mbio hapa zahanati, huna hata kitambaa kichwani.

"Tata, Bhoke uchungu umemshika. Anasema mtoto anakuja sasa hivi."

Nikamtuma mtu bondeni kuwaita wanawake, nikachukua mkoba wangu, nikakimbia. Nilikimbia vizuri tu kwa mtu mwenye tumbo langu. Nikafika mlangoni pa Bhoke, miguu ikasimama yenyewe.

Hao wenzako wa huko Dar es Salaam hawatakuelewa ukiwasimulia, kwa hiyo waeleze taratibu. Kwetu mwanamume haingii nyumba ya mke wa mwanawe, wala hamwoni akiwa amelala. Tukikutana njiani mimi na Bhoke, yeye huacha njia kwa heshima yangu, mimi huacha njia kwa heshima yake, tukaingia majanini kila mtu upande wake, na njia ikabaki haina mtu. Sikuwahi kuona ubaya wa hayo, na mpaka leo sioni. Ila siku ile mtu pekee aliyesomea dawa katika kata nzima alikuwa mimi, na mimi nilikuwa baba mkwe.

"Ingia wewe," nikakuambia.

"Mimi?"

"Wewe ni wifi yake. Ingia, mimi nitakuambia la kufanya."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaegemeza mgongo ukutani, uso nikauelekeza zizini, ili hata tundu la udongo lisije likasema nilichungulia. Hapo nikaanza kufundisha ukunga huku nikitazama ndama.

Nilianza vizuri, usinikatalie. Nilikwambia uoshe mikono kwa sabuni, uchemshe wembe na uzi. Nilikwambia umwambie Bhoke asisukume kabla ya wakati, ingawa wakati wenyewe ningeujulia wapi? Nilisikia sauti ya Bhoke ikipanda, nikasikia yako chini yake, halafu kimya, halafu mtoto akalia. Nilitaka kumkumbatia mtu, lakini hapakuwa na mtu, palikuwa na ndama.

"Ametoka, Tata! Ni wa kiume!"

"Vizuri. Sasa kondo la nyuma."

"Halijatoka."

"Livute."

"Nikivuta kitovu Bhoke anapiga kelele. Na damu inaongezeka."

Ghati, hapo ndipo nilipokosea, na nataka ulijue kosa langu kama lilivyo. Mimi udresa nimejifunza jeshini, wakati wa vita, katika hospitali ya mahema. Jeshini tulifundishwa kwamba kitu kilichokwama huvutwa. Lori kwenye tope huvutwa, jino huvutwa, kipande cha chuma ndani ya paja huvutwa. Habari za wanawake kujifungua tulifundishwa kwa siku moja, na siku hiyo nilikuwa na homa. Laiti ningesema, "Ghati, hapa sijui." Nisingekufa. Badala yake nilipandisha sauti, maana mtu asiyejua hana kingine cha kupandisha.

"Vuta kwa nguvu! Dresa ni mimi!"

Ndipo sauti yako ilipopita ukutani kama mkuki.

"Tata, nyamaza! Anayeona ni mimi!"

Nikanyamaza. Mwanangu, nilinyamaza kabisa. Nikakusikia ukimsemesha Bhoke kwa Kikurya, polepole, kwa sauti ile unayomsemesha ng'ombe anayekataa kusimama akamuliwe. Nikasikia mtoto ananyonya. Baadaye nilijua kwamba ulimweka kifuani pa mama yake, ukawa unamsugua Bhoke tumbo chini ya kitovu, ukingoja. Ulikuwa umemwona bibi yako akimngojea ng'ombe aliyezaa, akimwacha ndama anyonye na kondo lishuke lenyewe, wala hakuwahi kuvuta hata siku moja. Mimi pia nilimwona. Nimekulia katika zizi hilo hilo. Lakini nilikuwa nimesoma, unaona, na elimu ilikuwa imeniketia machoni.

Likashuka. Damu ikapungua. Wanawake walipofika wakitweta kutoka bondeni, Bhoke alikuwa anaomba uji.

Miaka michache baadaye nilimuuliza Bwana Daktari wa wilaya, kwa kuzungukazunguka, ingekuwaje kama msichana fulani wa mahali fulani angevuta kwa nguvu. Akanieleza. Sitaki kuyaandika hapa. Nilirudi nyumbani na baiskeli yangu nikiikokota, nikishindwa kuipanda.

Sasa yaliyofuata. Mwanamke mmoja jirani alikuwa amekaribia nyumba kabla ya wenzake, akakusikia. Jioni watu walipokusanyika kwetu kumpokea mtoto, alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Dresa, ni kweli leo umepewa dawa ya kufunga mdomo?"

Wanawake wakacheka. Hata mama yako alicheka, akajifanya anakohoa. Ningecheka na mimi ingekwisha, maana nani kama mimi kwa kucheka? Lakini Mzee Mwita, jirani yetu, alikuwa amekaa hapo na fimbo yake, naye hakucheka.

"Mtoto wa kike kumwambia baba yake nyamaza," akasema. "Mke wa nani huyo baadaye? Wambura, wewe unatibu watu wengine, nyumba yako inaoza."

Wote wakanitazama. Nikakuita mbele yao, mikono yako bado inanuka sabuni ya zahanati, nikakuamuru upige magoti. Ukapiga.

"Nisamehe, Tata. Sitarudia."

Na hukurudia. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na nimeitumikia miaka mitano. Tangu siku ile hujanipinga hata kwa kikohozi. Nikisema mvua itanyesha na jua linawaka, unaanua nguo. Mwaka jana nilipoweka dawa ya macho kwenye chupa ya dawa ya masikio, wewe uliona, nakujua uliona, ukasubiri mpaka nilipotoka ukabadilisha kimya kimya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilitaka uniambie. Nilisimama pale nikiomba uniambie.

Mimi nami nikaendelea kuzama. Kwenye daftari la serikali niliandika: mama na mtoto salama, wamehudumiwa na dresa. Bwana Daktari alipokuja kukagua alisoma, akanipa mkono mbele ya watu. "Wambura, hodari sana." Nikaupokea ule mkono kwa mikono miwili. Wewe ulikuwa unachemsha bendeji jikoni, ukasikia, ukaendelea kuchochea moto.

Basi mwaka huu ukaja ule waraka. Nakumbuka nilivyousoma barazani kwa sauti yangu ya kanisani. Kwamba serikali na misheni zimekubaliana kuongeza masomo ya uuguzi katika Tanganyika nzima, na kila jimbo litoe wasichana waliomaliza darasa la nane. Kwamba hawatakiwi wa kufua mashuka na kumwaga mabeseni tu. Wanatakiwa watakaosimamia wodi, watakaofundisha wenzao, ili isiwe kila siku tunangoja masista waletwe na meli kutoka Ulaya. Nilipomaliza, Mzee Mwita akasimama.

"Nimeelewa vibaya au vizuri? Mwanamke atamwambia mwanamume mzima, geuka nikuchome sindano?"

"Umeelewa vizuri, mzee."

"Na huyo mwanamume atageuka?"

"Wewe ulipougua ulichomwa, ukageuka."

"Nilichomwa na wewe!"

"Ulikuwa umefumba macho, mzee. Ulijuaje ni mimi?"

Baraza likaangua kicheko. Nikajiona bingwa. Nikakuandikisha siku hiyo hiyo, nikawaambia watu kwa kifua mbele kwamba msimamizi wa kwanza wa wodi kutoka huku kwetu atakuwa binti yangu. Nilikuwa nimesahau niliyokutendea. Aliyepiga magoti hasahau, lakini aliyepigiwa husahau upesi sana.

Nikakumbushwa kule Tarime, siku ya usaili. Yule Sista mzungu wa jimbo alikuwa ndani na wewe, mimi nimekaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha. Mimi na kuta! Alikuuliza ya hesabu ukajibu, akakuuliza ya usafi ukajibu vizuri kuliko ningejibu mimi. Akakupa mkono wa mwanasesere umfunge bendeji, nikamsikia akisema, "Nzuri, nzuri sana." Halafu akauliza:

"Daktari akikwambia mpe mgonjwa huyu dawa hii, na wewe unaona si yake, utafanya nini?"

Nilisimama pale kwenye benchi. Nilijua unajua jibu. Mimi shahidi wako nilikuwa hapo nje, na katika Tanganyika nzima hakuna msichana aliyewahi kujibu swali hilo kwa vitendo kama wewe.

"Nitampa, Sista. Daktari ndiye anayejua."

"Na mgonjwa akifa?"

Ukasema kwa sauti ndogo, "Nitapiga magoti niombe radhi."

Nikakaa chini. Benchi lilikuwa la moto kwa jua, sikusikia.

Sista alipotoka alinisimamisha pembeni. "Binti yako ana mikono mizuri mno," akasema. "Lakini tunatafuta watu wa kusimamia. Nani alimfundisha kuogopa hivi?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Sijui, Sista. Labda shuleni."

Ndiyo maana barua yako ya kukubaliwa imekuja jinsi ilivyokuja. Uliisoma harakaharaka ukafurahi, mama yako akapiga vigelegele, nami sikutaka kuharibu. Isome tena, iko pamoja na hii. Hujachukuliwa kwenye masomo ya miaka mitatu ya uuguzi kamili. Umechukuliwa kuwa msaidizi wa wodi, na kwa miezi sita ya kwanza walimu watakutazama. Wakiona una uwezo wa kusimamia, watakuhamishia kwa wauguzi. Wasipoona, utabaki kubeba mabeseni chini ya watu ambao ungepaswa kuwafundisha, na kila utakapoona dawa isiyo yake utampa mgonjwa, utapiga magoti. Una miezi sita, Ghati. Mlango huo nimeufunga mimi nusu, na siwezi kuja huko kuufungua. Kama kawaida yangu, niko nje ya ukuta.

Ngoja nikuambie jambo ambalo hata mama yako hajui. Kule vitani, kulikuwa na daktari mmoja mwema, aliyekuwa hajalala siku tatu. Nilimwona akichukua chupa isiyo yake kwenye meza na kwenda nayo kwa askari mmoja, kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa akiniita kaka. Niliiona ile chupa. Nilijua rangi yake. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ndiyo, bwana." Nikapiga saluti. Saluti nzuri kabisa, kisigino kikalia.

Yule kijana hakuamka.

Hakuna aliyenilaumu. Sikuwa nimeamriwa kusema, kwa hiyo sikuwa na kosa. Nilirudi nyumbani kwa mama yako na ninyi watoto, nikawa mtu wa mizaha, unaniona. Ungedhani mtu mwenye mzigo huo angemsikia binti yake akisema anayeona ni mimi, angemshukuru Mungu kwamba katika nyumba yake amezaliwa mtu mwenye kinywa alichokosa yeye. Mimi nilikupigisha magoti kwa sababu wanawake walicheka.

Kwa hiyo nisikilize, ingawa sina haki kubwa ya kusikilizwa. Ile samahani uliyoniomba nakurudishia. Haikuwa yangu. Nimekaa nayo miaka mitano kama mtu aliyeokota ng'ombe wa mwenzake akajifanya haoni alama. Ulikuwa sahihi. Kesho watu wakija kukuaga nitalisema mbele yao, na Mzee Mwita akiwepo, na yule mwanamke wa kucheka akiwepo, aicheke vizuri safari hii. Nimeliandika hapa pia kwa sababu najijua. Nikikuona na sanduku naweza kushindwa kusema chochote. Nikishindwa, barua hii ihesabike kuwa mdomo wangu.

Na jana nimetoa lile daftari la zamani. Nimekata neno "dresa", nikaandika juu yake: Ghati binti Wambura, miaka kumi na mitatu. Kukatakata daftari la serikali ni kosa. Wakinifunga uje unitetee, utakuwa mkubwa wakati huo.

Sikuambii uwe mkaidi. Mkaidi ninaye hapa nyumbani, jogoo wa mama yako, na humsikii akiponya mtu. Wala sikuambii uwavunjie heshima walimu. Utawaamkia shikamoo, utasimama wakipita, utakuwa binti wa watu. Lakini siku ile hukunivunjia heshima, Ghati. Nimelifikiri sana hili nikiwa juu ya baiskeli. Ulikuwa mkunga wa Bhoke na mimi nilikuwa kelele. Siku utakayomwona mgonjwa na chupa isiyo yake, useme. Useme kwa Kiswahili, ukikwama useme kwa Kikurya, watashtuka waulize umesema nini, na hapo dawa itakuwa bado iko chupani. Inatosha.

Na unaposema utaogopa. Hata siku ile uliogopa, Bhoke ameniambia. Ameniambia kupitia mama yako, bila shaka. Sisi bado tunapishana majanini.

Jua limeshuka kidogo. Umemaliza kumwogesha Marwa, yule yule uliyempokea siku ile, sasa unamfuta na kanga ya mama yake naye anakimbia uchi kuelekea zizini. Ile kanga umeitundika begani kama kawaida yako. Nimekuwa nikitazama hivyo vitu vidogo wiki nzima kama mtu anayehama. Nimegundua kwamba ukichemsha bendeji huwa unaimba wimbo mmoja tu, na huujui mpaka mwisho. Nimegundua kwamba wagonjwa wanapokuja hawaniulizi mimi, wanauliza, "Ghati yupo?" na nikisema hayupo wanakaa kwenye benchi kusubiri, nami nimesimama mbele yao na koti langu jeupe. Kuanzia kesho kutwa nitawajibu nini? Mwanamke ana aibu kuniambia ugonjwa wake, alikuwa anakuambia wewe, wewe unanitafsiria. Atanyamaza, atarudi nao nyumbani. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Nilitarajia kuumwa kwa upweke tu, kwa kutokusikia mlango wako asubuhi. Sikutarajia kwamba nitajiona nilivyo mdogo katika zahanati hii bila wewe.

Mama yako ana kilio chake, analilia jikoni akisingizia moshi. Mimi sina jikoni. Nina kabati la dawa, na nimelipanga mara tatu leo.

Kwa hiyo kuna jambo la mwisho, na hili nakuomba ulishike hata ukisahau mengine yote. Mwaka huu au mwaka kesho, nitakuandikia barua nyingine. Najijua. Itakuwa siku ambayo mwanamke fulani amekufa njiani kwa sababu hapakuwa na wa kumpokea, au siku ambayo mama yako ameugua, au siku tu ambayo nimekaa mezani hapa na benchi lote linauliza uko wapi. Nitaandika kwamba masomo uliyosoma yanatosha. Nitaandika kwamba baba yako anakuamuru urudi. Nitatumia maneno mazito, nitataja wazee, na kila sababu nitakayoitoa itakuwa ya kweli. Itakuwa na mwandiko wangu na sahihi yangu, nawe utasikia kama nimesimama mlangoni.

Usinitii.

Nitakuwa nimekosea tena, kwa kukupenda safari hiyo, na huenda nisiwe na mtu karibu wa kuniambia. Utaisoma, utalia kidogo kama wewe ni binti yangu, kisha utaikunja uiweke sandukuni na kurudi wodini. Mimi nitasubiri majibu. Nitasubiri siku nyingi, nitanung'unika kwa kila mtu, nitasema mtoto huyu mji umemharibu. Halafu siku moja nitatambua kwa nini hujajibu, nitakaa kwenye benchi la wagonjwa nicheke mpaka waniulize nimepatwa na nini.

Ni mimi baba yako unayemwacha kesho,
Wambura